Kodi ya Nyumba na Dhahabu ya Sekenke

Utangulizi

Katika madarasa ya siasa tumezoea kuanza somo la unyonyaji wa kikoloni kwenye shamba la mkonge, mgodini au bandarini. Hapo ndipo mfanyakazi anapokutana na tajiri, na hapo ndipo jasho linapogeuka kuwa faida ya mwingine. Lakini iko hatua inayotangulia, nayo mara nyingi tunaipita haraka. Kabla mkulima hajafika kwenye shamba la mlowezi, ni lazima kitu fulani kimtoe nyumbani kwake. Mtu mwenye shamba lake la uwele na mtama, mwenye ng'ombe na mbuzi wake, hafungi safari ya siku nyingi kwenda kumvunjia mgeni mawe kwa hiari yake. Kilichomtoa kilikuwa kodi, na kodi hiyo ilitozwa juu ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe.

Makala haya yanachunguza historia ya kodi hiyo tangu Wajerumani mpaka leo. Tumechukua Sekenke, katika Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida, kuwa mahali pa kusimamia tunapotazama. Sababu ni kwamba pale Sekenke, chini ya miinuko ya Iramba inapoanza nyika ya Wembere, mambo matatu yalikutana: nyumba ya mkulima, kodi ya mkoloni, na dhahabu. Anayeelewa jinsi mambo hayo matatu yalivyofungamana atakuwa na kipimo cha kuipima kodi yoyote ya nyumba, hata inayotozwa sasa.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili, kodi ni malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba, na pia ni malipo ya mwananchi kwa dola. Katika nchi huru mambo haya mawili ni mbalimbali kabisa. Mkoloni aliyaunganisha. Aliitwaa nchi kwa nguvu, kisha akamwambia mwenye nyumba alipe ili aendelee kukaa ndani ya nyumba yake. Kwa hiyo alimgeuza mwenye nyumba kuwa mpangaji wa dola ya kigeni.

Kibanda kinahesabiwa

Amri ya kodi ya nyumba na vibanda katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani ilitolewa Novemba 1897, wakati Gavana akiwa Eduard von Liebert, na kodi ikaanza kutozwa Aprili 1898. Huko vijijini kiwango kilikuwa rupia 3 kwa kila kibanda kwa mwaka. Nyumba za mijini zilitozwa zaidi.

Kwa nini nyumba? Si kwa sababu kibanda cha udongo kilikuwa utajiri. Hakikuzaa faida wala hakikupangishwa. Zipo sababu mbili. Kwanza, nyumba haikimbii. Ng'ombe anaweza kuswagwa usiku, nafaka inaweza kufukiwa shimoni, lakini nyumba inaonekana kwa mbali na yeyote anayejua kuhesabu anaweza kuihesabu. Dola changa ya kikoloni, yenye maofisa wachache na askari wachache, ilihitaji kitu cha kuhesabika. Pili, kila mtu mzima anahitaji mahali pa kulala. Kodi ya ng'ombe isingemgusa asiye na ng'ombe. Kodi ya kibanda ilimgusa kila mwenye familia.

Wakoloni wenyewe hawakuficha kwamba mapato hayakuwa lengo lao pekee. Waliiita kodi hiyo njia ya kumfunza Mwafrika kufanya kazi. Maneno hayo tuyachambue. Mkulima wa Iramba alikuwa akifanya kazi tangu alfajiri: alilima, alichunga, alijenga, alifua chuma. Kazi ambayo mkoloni alitaka kumfunza ilikuwa ya aina moja tu, yaani kazi ya kumzalishia mwingine.

Mwanzoni kodi iliweza kulipwa kwa mazao au kwa kazi. Lakini mazao yalikuwa mzigo kwa serikali: yalihitaji maghala, wapagazi na soko. Mwaka 1905, chini ya Gavana von Götzen, mkazo ukawekwa kwenye fedha taslimu, na asiyeweza kulipa akapelekwa kwenye kazi za serikali. Mabadiliko hayo yalikuwa na maana kubwa kisiasa. Maadamu kodi ililipwa kwa mtama, mkulima aliweza kuitoa shambani kwake na kubaki mkulima. Ilipodaiwa kwa rupia, ilimbidi aitafute rupia ilipo, nayo ilikuwa mikononi mwa mfanyabiashara, mlowezi, kampuni ya reli na mwenye mgodi. Katikati ya mwaka huo huo wa 1905 Vita vya Maji Maji vililipuka kusini mwa nchi. Kodi haikuwa sababu pekee, kwani kulikuwa pia na kilimo cha pamba cha kulazimishwa na mijeledi ya maakida. Lakini madhila hayo yote yalitoka kwenye chungu kimoja.

Huko Singida na Iramba amri hiyo ilikutana na nyumba za aina nyingine. Wanyiramba na Wanyaturu hujenga tembe: nyumba ndefu ya kuta za miti na udongo, yenye paa bapa la udongo, ambamo familia pana inaweza kukaa chini ya paa moja, kila mke na sehemu yake. Je, hapo pana kibanda kimoja au vitatu? Mwenye nyumba ana jibu lake na mtoza kodi ana lake. Sehemu nyingi za Afrika watu walijibu kodi ya kibanda kwa kujibana: vijana waliooa waliendelea kukaa na wazazi, ndugu waliungana chini ya paa moja. Ndiyo maana baadaye watawala waliongeza kodi ya kichwa juu ya kodi ya kibanda, ili mwanamume asiye na nyumba yake naye asipone.

Sekenke: kodi ilikoelekea

Uchimbaji wa dhahabu wa kampuni ya Kijerumani ulianza Sekenke mwaka 1909. Ulikuwa mgodi mkubwa wa kwanza wa dhahabu katika nchi yetu. Dhahabu ya pale imo ndani ya mwamba, haiokotwi mchangani tu. Ni lazima mwamba uchimbwe, uvunjwe, usagwe na kuoshwa. Kwa hiyo mgodi ulihitaji mitambo, ambayo mtaji wa Ulaya uliileta, na ulihitaji mikono mingi, ambayo mtaji wa Ulaya haukuweza kuileta.

Mikono hiyo ilipatikana kwa njia iliyokwisha kutayarishwa. Kodi ilidaiwa kwa rupia. Mgodi, mashamba makubwa na reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, ndivyo vilivyolipa rupia. Wajerumani walikuwa na boma lao Mkalama, na chini ya maboma kama hayo majumbe na watemi walitumiwa kuhesabu vibanda na kukusanya kodi, wakipewa fungu lao. Kibarua alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na ujira ulihesabiwa kadi ilipojaa. Siku aliyougua haikuhesabiwa.

Hapa kada anapaswa kuona jambo ambalo vitabu vya uchumi wa kibepari hulificha. Tunaambiwa kwamba soko la nguvu kazi hutokea lenyewe, mwenye kazi na mtafuta kazi wakikutana kwa hiari. Katika nchi yetu halikutokea lenyewe. Lilitengenezwa na dola, kwa sheria, kwa daftari la kodi na kwa askari. Mtu wa Iramba alikuwa na ardhi, kwa hiyo hakulazimishwa na njaa kuuza nguvu zake. Alilazimishwa na deni asilolikopa.

Katika Vita Kuu ya Kwanza uhusiano huo ulionekana wazi. Manowari za Waingereza zilifunga bahari, na sarafu kutoka Ujerumani zikakatika. Mwaka 1916 Wajerumani walifyatua sarafu zao wenyewe Tabora, katika karakana ya reli. Miongoni mwake ilikuwemo sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo mbele ya mlima, na dhahabu yake ilitoka Sekenke. Zilifyatuliwa zaidi ya 16,000 kabla ya Tabora kutekwa na majeshi ya Wabelgiji Septemba 1916.

Tufanye hesabu. Kwa kiwango cha rupia 3, sarafu moja ya Tabora ilikuwa kodi ya vibanda vitano kwa mwaka mzima. Sarafu 16,000 zilikuwa na thamani ya rupia 240,000, yaani kodi ya vibanda 80,000. Mkulima alitozwa kodi juu ya nyumba yake ili aende akachimbe dhahabu iliyokuwa chini ya ardhi ya babu zake. Dhahabu ikawa sarafu, na sarafu ikagharimia vita ya watu waliokuja kumtoza kodi. Leo sarafu hizo wanazitafuta wakusanyaji wa vitu vya kale katika nchi za Ulaya na Marekani, na bei yake ni kubwa. Aliyechimba dhahabu yake hana jina katika kumbukumbu hizo.

Bwana mpya, daftari lile lile

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa walisema wamekuja kama wadhamini. Rupia ikaondoka, shilingi ikaingia. Lakini mwaka 1922 walitunga sheria ya kodi ya kibanda na kodi ya kichwa, na msingi wake ulikuwa ule ule. Viwango vilitofautiana wilaya kwa wilaya, kwa kadiri serikali ilivyoona watu wanaweza kukamuliwa. Mwenye wake wengi alilipa zaidi, kwa kuwa nyumba ya kila mke ilihesabiwa.

Jambo jipya lilikuwa utawala wa kupitia watemi, uliopangwa na Gavana Donald Cameron tangu mwaka 1926. Watemi walifanywa wakusanyaji wa kodi, sehemu ya fedha ikarudishwa kwenye hazina zao, na kutokana nayo wakalipwa mishahara. Kwa njia hiyo mtawala wa jadi, ambaye zamani alitegemea ridhaa na heshima ya watu wake, akategemea daftari la kodi. Asiyekuwa na fedha alitakiwa kulipa kodi kwa kazi ya mikono, hasa barabara. Mgodi wa Sekenke nao ulifufuliwa chini ya mtaji wa Kiingereza na uliendelea mpaka miaka ya 1950.

Watu hawakukaa kimya. Upinzani dhidi ya kodi ya nyumba ulienea Afrika nzima. Mwaka ule ule wa 1898 kodi ilipoanza kwetu, watu wa Sierra Leone, wakiwemo wale walioongozwa na Bai Bureh, walishika silaha dhidi ya kodi ya vibanda ya Waingereza. Mwaka 1922 huko Nairobi watu waliokusanyika kudai Harry Thuku aachiliwe walipigwa risasi. Kodi na kipande vilikuwa miongoni mwa malalamiko aliyoyaongoza.

Hapa nchini mfano wenye mafunzo mengi zaidi ni mbiru ya Wapare, katika miaka ya 1940. Serikali na watemi walileta kodi ya ngazi, ambayo mwenye mali nyingi angelipa zaidi. Kwa maneno tu, kodi hiyo ilionekana ya haki kuliko kodi ya kibanda. Hata hivyo Januari 1945 maelfu ya watu walikwenda Same na kupiga kambi kuipinga, na baadaye wanawake nao wakaandamana. Hawakukataa kulipa kodi. Walikuwa tayari kulipa ile ya zamani. Walichokataa ni watemi kuingia majumbani mwao kukadiria mali zao bila wao kushirikishwa, kwa upendeleo na kwa siri.

Kada ayaweke mafunzo haya mawili pamoja. Kodi ya Wajerumani ilikuwa dhalimu kwa sababu ilimlinganisha maskini na tajiri, kibanda kwa kibanda. Kodi iliyozaa mbiru ilidai kuwatofautisha, lakini watu hawakushiriki kuipanga wala hawakuwa na njia ya kumwajibisha mkadiriaji. Haki ya kiwango haitoshi bila ushirikishwaji, na ushirikishwaji hautoshi bila haki ya kiwango.

Baada ya Uhuru: nyumba ya kukaa na nyumba ya kupangisha

Baada ya Uhuru swali la nyumba lilibidi kuulizwa upya. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitoa jibu la kiitikadi: kiongozi alikatazwa kuwa na nyumba ya kupangisha. Halikukataza kuwa na nyumba ya kukaa. Hapa Chama kilichora mstari ambao mkoloni hakuutaka kuuona. Nyumba ya kukaa ni hitaji la mtu. Nyumba ya kupangisha ni njia ya kupata pato kutokana na hitaji la mwenzake. Mwaka 1971 sheria ya kutaifisha majengo ilifuata mstari huo huo, ikayagusa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000.

Mwaka 1969 Serikali iliamua kufuta kodi ya kichwa iliyokuwa ikikusanywa na halmashauri. Uamuzi huo ulipokewa kwa furaha, na kwa haki. Lakini hatuna budi kusema pia gharama yake. Halmashauri zilibaki bila miguu, na mwaka 1972 madaraka yakahamishiwa mikoani, serikali za mitaa zikafutwa. Ziliporudishwa kwa sheria za mwaka 1982 zilihitaji mapato, na ndipo ikaja kodi ya maendeleo, ambayo kila mtu mzima aliidaiwa. Wako wengi wanaokumbuka watu wakikimbilia porini au kuvizia njia za panya kwa kuogopa mgambo wa kodi. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003. Miaka zaidi ya 40 baada ya Uhuru, mkulima alikuwa bado anaikimbia kodi kama babu yake alivyomkimbia askari wa boma. Hilo lilikuwa onyo kwetu sote: jina zuri haliifanyi kodi kuwa ya maendeleo, ikiwa mlipaji haoni maendeleo hayo na anatozwa kwa kukamatwa.

Kodi ya majengo ya leo

Sasa tunayo kodi ya majengo. Kazi ya kuikusanya ilihamishwa kutoka halmashauri kwenda Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na tangu Agosti 2021 imekuwa ikikatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa. Mwaka 2023 viwango vilipanda vikawa 1,500 na 7,500.

Tuitazame kwa macho yaliyofunzwa na Sekenke. Kwa upande mmoja ipo tofauti ya msingi. Sheria inaziacha nje nyumba za udongo na za nyasi wanamokaa wananchi. Kibanda kile kile ambacho Liebert alikiwinda, na tembe ile ile, leo havihesabiwi. Sheria yenyewe hupitishwa na Bunge lililochaguliwa, na mapato yanaingia katika hazina ya nchi huru. Anayesema kwamba kodi ni kodi, kwamba hakuna tofauti kati ya mkoloni na Serikali yetu, hajui historia.

Kwa upande mwingine, hatuwatendei haki wananchi tukinyamaza juu ya kasoro. Kiwango kimoja kwa kila nyumba ya kawaida kina mkaribiano na rupia 3 kwa kila kibanda: nyumba ndogo ya bati ya mjane na nyumba kubwa ya mfanyabiashara, maadamu zote hazina ghorofa, hulipa sawa. Urahisi wa kukusanya umeshinda haki ya kiwango. Tena mita haimtambui mwenye nyumba. Inamtambua anayenunua umeme. Mara nyingi huyo ni mpangaji. Hapo mstari wa mwaka 1967 unafutika: mwenye pato la nyumba anasalimika, na mwenye hitaji la nyumba analipa, isipokuwa wakubaliane kupunguza kiasi hicho kwenye pango. Na wapangaji wengi hawana ubavu wa kuidai nafuu hiyo.

Kazi ya kada

Kazi yetu si kuitetea kila kodi wala kuilaani kila kodi. Ni kuwapa wananchi maswali ya kuipimia. Tunapendekeza manne, na kila moja limetokana na historia tuliyoieleza.

La kwanza: kodi hii inahesabu nini, hitaji la mtu au pato lake? La pili: nani aliipanga, na mlipaji anayo nafasi ya kusema kabla haijapitishwa? La tatu: inamsukuma mlipaji kufanya nini, kuboresha nyumba yake au kuikimbia? La nne: fedha zinakwenda wapi, na mlipaji anaweza kuuliza na kujibiwa?

Kodi ya Wajerumani ilishindwa maswali yote manne. Kodi ya leo haishindwi yote, lakini haiwezi kujibu la kwanza kwa ukamilifu mpaka iweze kutofautisha nyumba ya kukaa na nyumba ya kupangisha, na haiwezi kujibu la nne mpaka hesabu ya mapato isomwe katika mkutano wa kijiji na mtaa, kwa lugha inayoeleweka. Mambo hayo mawili yanawezekana. La pili halihitaji hata sheria mpya. Linahitaji katibu wa tawi anayejua wajibu wake, na wanachama wasiokubali kujibiwa kwa mkato. Kada aliyeko kwenye tawi anaweza kuanza leo: amweleze mpangaji kwamba mdaiwa wa kodi ya jengo ni mwenye jengo, na amweleze mwenye jengo vivyo hivyo.

Pale Sekenke wachimbaji wadogo bado wanautafuta mwamba ule ule ambao Wajerumani waliupasua. Sasa wanachimba kwa ajili ya nyumba zao wenyewe: bati, saruji, karo ya watoto. Mtu anayechimba ili ajenge hana budi kuona kwamba kodi atakayotozwa juu ya nyumba hiyo inarudi kwake kama maji, zahanati na barabara. Akiiona, atalipa bila kukimbizwa. Asipoiona, tusimlaumu yeye kwa kukumbuka yale ambayo babu yake alifunzwa na boma.